Mzigo wa Msafiri: Kutoka Landhies Hadi Embakasi

Mtu akitoka katika stesheni ya gari la moshi ya Nairobi akageukia upande wa mashariki, kabla hajaenda mbali ataingia katika sehemu ya mji iliyojengwa kwa ajili ya watu wachukuao mizigo ya wengine. Hapo pana Barabara ya Landhies. Jina hilo limetokana na neno la Kihindi la mabanda ya kukaa yaliyojengwa kwa safu, na ndimo Reli ilimowaweka watu wake: wapakiaji, mafundi, wafagiaji, na makarani wa chini. Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za Reli. Kaloleni, pamoja na miti yake na nyumba zake za matofali, ilijengwa na Halmashauri ya Mji katika miaka ya 1940. Wageni wengi waijuao Nairobi kwa majumba yake marefu hawakufika huku kamwe, na hasara ni yao.

Nia yangu katika makala haya ni kumwonyesha msomaji njia ya mzigo katika upande huu wa mji, tangu paa la basi hata tumbo la ndege. Wengi wetu hutazama kiwanja cha ndege kana kwamba ni mahali pa ajabu pasipohusiana na maisha ya mitaa iliyokizunguka. Lakini mikono ipokeayo masanduku kule Embakasi, iliyo mingi, huamka alfajiri katika vyumba vya Pipeline, Tassia, Donholm na Kayole. Tena shida ya mzigo ni ile ile kila mahali: mtu mmoja ameutia mkononi mwa mwingine asiyemjua, naye ataka kuuona tena.

Karibu na Muthurwa pana stesheni ya mabasi ya kwenda bara iitwayo Machakos Country Bus. Wenyeji kwa mzaha huiita "Airport", na mtu akikuambia kwamba ndugu yake ameshuka Airport, yafaa umwulize kwanza ni ipi, maana huenda huyo ndugu hakuiona ndege, bali ametoka Kitui au Busia kwa basi. Mzaha huo una ukweli ndani yake. Pale pana abiria wenye tikiti, pana makuli, pana mizani ya macho, na pana ugomvi wa bei ya mzigo uliozidi kiasi. Mwezi wa Desemba, watu waendapo kwao kwa sikukuu, hapana pa kutia mguu.

Msomaji akipata nafasi, na asimame hapo kwa saa moja amtazame utingo apakiaye juu ya basi. Magodoro, viti vya sebuleni, mitungi ya maji, makapu ya kuku, mabati, baiskeli, vyote hupandishwa kwa ngazi ya nyuma na kupangwa chini ya turubai. Kabla ya kupandisha, utingo huuliza: "Mama, wewe washuka mwisho wa safari au njiani?" Swali hilo ndilo elimu yote ya kazi yake. Mzigo wa ashukaye mwisho hupakiwa kwanza, ukakaa chini. Wa ashukaye kwanza hupakiwa mwisho, ukakaa juu. Akikosea, basi litasimama gizani kando ya njia, na nusu ya mizigo iteremshwe ili kutafuta gunia moja la mtu mmoja. Haandiki lolote. Huweka yote kichwani, na kwa kawaida hakosei.

Lakini akikosea, mwenye mzigo hana pa kwenda. Tikiti nyingi za mabasi zimeandikwa kwamba mzigo ni juu ya mwenyewe, maneno ambayo abiria huyaona baada ya kuibiwa. Kwa hiyo watu hujilinda kwa njia zao: hukaa upande wa dirisha, na kila basi lisimamapo hutoa kichwa nje kutazama kinachoteremshwa. Njia hiyo haifai kitu ndani ya ndege.

Ukipita Gikomba na Pumwani utafika Eastleigh, na huko ndiko kilikokuwa kiwanja kikubwa cha ndege cha Nairobi kabla ya Embakasi. Kilikuwa kiwanja cha jeshi la anga la Kiingereza, na ndege za abiria zilikitumia pia. Tarehe 1 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alishuka hapo pamoja na mumewe. Siku 5 baadaye baba yake alifariki, naye akawa Malkia hali yumo katika nchi ya Kenya. Kiwanja kile bado ni cha jeshi, nacho kiliitwa Moi Air Base baada ya jaribio la kuipindua Serikali mwaka 1982.

Ndege za abiria zimekwisha kuhama, lakini Eastleigh haikuacha kuishi kwa mizigo. Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, wageni wa nyumba ya kulala iliyoitwa Garissa Lodge, wengi wao Wasomali, walikuwa wakifungua masanduku yao vyumbani na kuuza nguo na vitu vya umeme vilivyotoka Dubai na kwingineko. Wanunuzi wakazidi, vitanda vikaondolewa, vyumba vikawa maduka. Madukani ya ghorofa yaliyojaa Eastleigh leo yalifuata mfano wa vyumba vile. Mtu asidharau sanduku la msafiri. Mtaa mzima umetoka ndani yake.

Sababu ya kuhama Eastleigh yafahamika kwa urahisi. Nairobi iko juu sana, na kiwanja cha Embakasi kipo kiasi cha mita 1,624 juu ya bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi. Ndege iliyojaa huhitaji njia ndefu ili ipate kuondoka ardhini. Kwenye uwanda wa Embakasi palikuwa na nafasi ya njia hiyo, ambayo sasa ina urefu wa mita 4,117. Jambo hili lahusu mzigo pia, ingawa abiria wengi hawalijui. Ndege nzito iendayo mbali ikiondoka wakati wa joto yaweza kulazimika kupunguza uzito wake, na kitu cha kupunguza ni shehena, si watu. Hii ni sababu mojawapo ya safari nyingi ndefu kuondoka Nairobi usiku.

Kiwanja hicho kilijengwa katika miaka ya Hali ya Hatari, na kazi kubwa ya kuchimba na kusawazisha ardhi ilifanywa na maelfu ya wafungwa wa Mau Mau waliowekwa gerezani hapo hapo Embakasi. Walitumia sururu, sepetu na karai. Jambo hili halikuandikwa juu ya mlango wakati Gavana Sir Evelyn Baring alipokifungua kiwanja mwaka 1958, akishika nafasi ya Mama wa Malkia aliyecheleweshwa safarini. Wasafiri wa wakati ule walisifu usafi wa jumba. Sisi tupitao leo juu ya njia ile kwa dakika moja yafaa tujue ilichimbwaje.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba 1959, wanafunzi 81 walisafiri kwa ndege kwenda New York kuanza masomo katika vyuo vya Marekani, kwa mpango ulioongozwa na Tom Mboya, ambaye nyumba yake ilikuwa Ziwani, katika mitaa hii hii ya mashariki. Jamaa zao walikuwa wameuza ng'ombe na kufanya michango ili wapate nauli na nguo. Kwa kijana wa namna hiyo sanduku lilikuwa jambo zito: ndani yake mlikuwa na suti ya kwanza, vyeti, na fahari ya kijiji kilichomtuma.

Mwaka 1978, mwezi wa Machi, jumba jipya la abiria lilifunguliwa upande wa pili wa njia ile ile ya ndege. Rais Jomo Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti mwaka huo, na kiwanja kikapewa jina lake. Jumba hilo lilikadiriwa kwa abiria milioni 2 na nusu kwa mwaka. Miaka ilipopita hesabu hiyo ikapitwa mara mbili na zaidi, na abiria wakawa wakibanana mahali palipokusudiwa nusu yao.

Sasa na tuufuate mzigo wenyewe. Abiria akifika kwenye meza ya kuandikisha, sanduku lake hupimwa, likafungwa karatasi yenye mistari na namba ya tarakimu 10, na herufi 3 za mahali liendapo. Kiwanja chetu kimebadili jina, lakini kwenye karatasi hiyo kingali NBO, yaani Nairobi. Mkanda hulipeleka nyuma ya ukuta. Huko hukaguliwa kwa mashine, hutengwa kwa safari yake, hupangwa juu ya vigari vivutwavyo na trekta dogo, huenda chini ya ndege, na watu waliopiga magoti katika tumbo la ndege hulipanga kwa mikono. Masanduku ya wale watakaobadili ndege njiani hutengwa na ya wale wafikao mwisho wa safari. Utingo wa Machakos angeielewa kazi hii mara moja.

Hatari kubwa iko katika kubadili ndege. Ndege ya kwanza ikichelewa, abiria aweza kukimbia akaiwahi ya pili, sanduku halikimbii. Makampuni ya ndege ulimwenguni yamejitahidi: mwaka 2007 masanduku karibu 19 yalichelewa, yaliharibika au yalipotea kwa kila abiria 1,000, na mwaka 2024 hesabu ilikuwa imeshuka hata 6.3. Tangu Juni 2018 makampuni yaliyo katika chama chao cha kimataifa yametakiwa kuufuatilia kila mzigo mahali panne: unapopokelewa, unapopakiwa, unapohamishwa kutoka ndege hata ndege, na unaporudishwa kwa mwenyewe. Hapo ndipo mkono mmoja unapouachia mwingine, na mzigo ukipotea, mara nyingi umepotea katika nafasi iliyo kati ya mikono miwili.

Mtu atasema: basi tujenge jumba jipya lenye mitambo, shida iishe. Waingereza walifikiri hivyo. Tarehe 27 Machi 2008 walilifungua jumba la tano la kiwanja cha Heathrow, London, lililogharimu pauni bilioni 4 na zaidi, lenye mitambo ya mizigo ya kisasa. Asubuhi hiyo wafanyakazi walizunguka wakitafuta mahali pa kuegesha motakaa zao. Wengine walikwama kwenye ukaguzi wa kuingia kazini, wengine hawakuweza kufungua mitambo waliyopewa. Masanduku yakarundikana, safari zikafutwa kwa mamia katika siku zilizofuata, na mizigo iliyoachana na wenyewe ikafika kiasi cha 28,000. Mingine ilipelekwa Milan katika nchi ya Italia ili itengwe huko. Kabla yao, watu wa Denver katika Marekani walikuwa wamechelewa miezi 16 kufungua kiwanja chao kwa sababu ya mitambo iliyotupa masanduku chini na kuyapasua mbele ya waandishi wa habari; kiwanja kilifunguliwa Februari 1995, na mwaka 2005 mitambo ile ikaachwa kabisa, kazi ikarudi kwa matrekta na watu.

Nairobi imeuona upande wa pili wa jambo hili. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jumba la kupokelea abiria watokao nchi za nje. Kulipokucha palibaki kuta nyeusi na maji ya kuzimia moto. Siku ya pili yake ndege kutoka nchi za nje zilikuwa zikishuka tena, na abiria wakipokelewa chini ya mahema. Kisha ghorofa ya chini ya jumba la kuegeshea motakaa ikageuzwa kuwa mahali pa kupokelea watu na mizigo. Sisemi hapakuwa na taabu. Misururu ilikuwa mirefu na watu walichoka. Lakini wapakiaji, makarani na watu wa Forodha walikuwa ni wale wale walioijua kazi, nao waliendelea kuifanya bila paa. London walikuwa na jumba zima na mikono isiyolijua. Nairobi ilikuwa na mikono iijuayo kazi na jumba lililoungua. Nikiambiwa nichague nitasafiri kupitia wapi kati ya siku hizo mbili, nitachagua mahema.

Kadhalika mikono ikiondolewa, jumba halifai kitu. Tarehe 6 Machi 2019, na tena tarehe 11 Septemba 2024, wafanyakazi wa kiwanja waligoma. Mara ya pili walipinga mpango wa kukikabidhi kiwanja kwa kampuni ya Kihindi ya Adani, mpango ambao Serikali iliuvunja Novemba mwaka huo huo. Siku hizo mikanda ilikuwapo, taa zilikuwapo, na abiria walisimama nje kwa mamia hali wamekalia masanduku yao. Waliogoma walikuwa na khofu ya kupoteza kazi. Katika nyumba nyingi za Embakasi kazi hiyo ndiyo ilipayo kodi ya chumba na karo ya shule, na mpakiaji mmoja huweza kuwa tegemeo la watu waliobaki shambani Makueni au Siaya.

Katika kiwanja hicho pana mahali ambapo msomaji angejifunza zaidi kuliko katika maelezo yote haya, napo ni nje ya mlango wa watokao, usiku, ndege za Ghuba zinapofika. Jamaa huja kwa matatu waliyoikodi pamoja, wengine kutoka mbali, na watoto wamelala juu ya mapaja. Wamwingojea binti aliyekwenda Saudia au Katari kwa mkataba wa miaka 2 kufanya kazi za nyumbani. Anatoka akisukuma kigari chenye mizigo mikubwa iliyozungushiwa nailoni na kamba, na jina lake limeandikwa kwa wino mzito pande zote. Ndani mna mablanketi, sufuria, viatu vya kila mtoto kwa kipimo kilichotumwa kwa simu, pengine na dhahabu kidogo. Mshahara wake mwingine umekwisha kutumwa na kuliwa. Kinachoonekana kwa macho ni hicho kigari. Huyo sanduku lake lisipotoka kwenye mkanda, hasara yake haifanani na ya mtalii aliyekosa nguo za kuogelea.

Naye ndiye asiyejua haki yake. Hurudi nyumbani analia, husema ni bahati mbaya, na jambo huishia hapo. Kwa sababu hiyo nataka kueleza sheria ilivyo. Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoukubali Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Kwa mkataba huo, katika safari ya nchi kwa nchi, kampuni ya ndege ndiyo yenye kujibu juu ya mzigo ulioandikishwa ukipotea, ukiharibika au ukichelewa. Haiwezi kusema kama basi kwamba mzigo ni juu ya mwenyewe. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 mwisho wa malipo kwa abiria mmoja ni 1,519 kwa hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani zaidi kidogo ya dola 2,000 za Marekani. Mwenye kubeba vitu vya thamani kupita hiyo aweza kutangaza thamani yake mezani wakati wa kuandikisha, na akatozwa ziada. Dhahabu, fedha taslimu na vyeti ni heri asivitie katika sanduku hilo kabisa, avichukue mkononi.

Asitoke ndani ya ukumbi wa mizigo bila kuandikisha hasara yake kwenye ofisi iliyo pale pale karibu na mkanda, na apewe nakala yenye namba. Walinzi wakimharakisha, na asimame. Ile karatasi ndogo aliyobandikiwa juu ya tikiti siku ya kuondoka ndiyo ushahidi wake. Wengi huitupa ndani ya ndege. Kisha aandike barua kwa kampuni. Mzigo ulioharibika hulalamikiwa kabla ya siku 7 kupita tangu kuupokea. Uliochelewa, kabla ya siku 21 tangu kuupata. Mzigo usiopatikana kwa siku 21 huhesabiwa kuwa umepotea, na kwenda mahakamani kuna muda wa miaka 2. Katika barua aorodheshe vitu vyake kimoja kimoja pamoja na bei, na kama ana risiti za duka, azitie nakala.

Fomu za ofisi ile kwa kawaida huwa za Kiingereza, na abiria aliyetoka safari ya usiku hana nguvu za kuzisoma. Kwa hiyo wanaokwenda kumpokea, wakimchagua wa kupanda matatu, wasiwachukue wajomba na shangazi tu. Aende pia yule karani wa ukoo, akiwa na kalamu na karatasi. Ndani ya ukumbi hataruhusiwa kuingia, lakini kwa simu aweza kumsomea dada yake kila mstari wa kujaza, na asubuhi akaanza barua kabla siku ya kwanza ya zile 21 haijapita.